Kwa nini seli iiwashe kinasi halafu iifunge?

Mtoto wa kaka yangu anasoma udaktari, yuko mwaka wa pili, na Jumapili akichoka na chakula cha bweni huja kwangu Bwiru, Mwanza. Siku hiyo alinikuta kibarazani naparua magamba ya sato. Akaniamkia, akaweka daftari juu ya meza, pembeni kabisa ya beseni. Nikamwambia aliondoe kabla halijalowa. Hakuliondoa. Alilifungua.

Alikuwa amechora duara kubwa limeandikwa CDK1, ambayo ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na ubavuni limekumbatiwa na duara dogo la protini mwenzake, saiklini B. Kwenye duara kubwa kulikuwa na herufi P tatu, kila moja ni fosfeti iliyobandikwa juu yake. Moja ameizungushia kalamu ya kijani, mbili nyekundu.

"Shangazi, hii ya kijani inawasha. Hizi nyekundu zinazima. Zote ni fosfeti. Mwalimu anasema ni kwa sababu zimekaa sehemu tofauti."

"Ndivyo."

"Hilo nimelielewa. Sasa niambie, kwa nini seli ihangaike kuiwasha halafu iifunge papo hapo? Si ingesubiri tu mpaka itakapoihitaji?"

Nikamwambia tule kwanza.

Tulikula, tukaongea habari za nyumbani, akaondoka na daftari lake. Swali likabaki. Nililibeba kazini, nikalibeba kwenye daladala, nikalala nalo wiki kadhaa. Jibu la vitabuni nalijua, kila mtu aliyepita darasa la biolojia ya seli analijua: CDK1 ndiyo kinasi inayoisukuma seli iingie kwenye mitosisi, yaani igawanyike, saiklini B inaishika, fosfeti moja inaiwasha, nyingine zinaizuia mpaka wakati ufike. Lakini binti hakuuliza inavyotokea. Aliuliza kwa nini iwe hivyo, na hilo ni swali la mtu anayekagua hesabu: mbona mmenunua kitu, mkakilipia, kisha mkakifungia stoo?

Kwenye slaidi hakuna nusu

Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa histopatholojia. Nyama inaletwa kwenye kopo la fomalini, tunaikata, tunaipitisha kwenye spiriti na zailini, tunaizamisha kwenye nta, tunaikata tena vipande vyembamba vya mikroni tatu au nne, kisha tunaipaka rangi: zambarau kwa kiini, pinki kwa sehemu nyingine. Anayesoma na kusaini majibu ni daktari wa patholojia. Ila ukikaa na slaidi miaka mingi, macho yanajifunza hata kama huna ruhusa ya kusaini.

Seli iliyo kwenye mitosisi ukishaizoea huipiti bila kuiona. Kiini chenye ukingo wake mwembamba hakipo tena. Mahali pake kuna mstari mzito wa kromosomu, karibu mweusi, kingo zake zimechakaa na zina vinyweleo, na kuuzunguka ni utepe wa saitoplazimu iliyofifia, angavu kuliko ya jirani zake. Ukiona kitone cheusi kilicho laini pembeni, na seli yake imesinyaa na kuiva pinki, usikihesabu. Hiyo ni seli inayokufa. Wanafunzi wapya huzichanganya hizo mbili kila mwaka, na kwenye uvimbe fulani kosa hilo linaweza kumpandisha mgonjwa daraja zima la ugonjwa.

Sheria ya kuhesabu ni kwamba utando wa kiini uwe umekwisha kuondoka. Zile seli za mwanzo kabisa, ambazo kromosomu zinaanza tu kujikusanya, tunaziacha kwa sababu watu wawili hawatakubaliana juu yake.

Nikawa nimeinama kwenye hadubini na swali la binti kichwani ndipo nikatambua kitu ambacho nimekiona miaka yote bila kukiuliza. Sijawahi kuona seli iliyogawanyika nusu shingo upande. Sijawahi kuona kiini ambacho upande mmoja utando umeyeyuka na kromosomu zimejipanga, na upande wa pili kimetulia kana kwamba hakuna kinachoendelea. Seli ama imo, ama haimo. Na muda wa kuwa ndani ni mfupi: seli za binadamu zinazooteshwa maabara, ambazo mzunguko wao ni kama saa 24, hutumia takriban saa moja tu kwenye mitosisi yenyewe.

Saa nyingi za kujiandaa, kisha kitendo cha ghafla.

Hapo nilianza kuhisi kwamba jibu la binti limejificha kwenye huo ughafla.

Fosfeti ya kijani

Nikaanzia kwenye ile inayowasha, kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakiwa Seattle, walionyesha kwamba kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni hubadilika kutoka hali ya kulala kwenda hali ya kazi kwa kubandikwa fosfeti. Wakapata Nobel mwaka 1992. Tangu hapo kubandika fosfeti kumeonekana kila mahali, na orodha ya mwaka 2002 ilihesabu kinasi 518 kwenye jenomu ya binadamu.

Kinachofanyika ni kidogo mno. Kinasi inachukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya serini, threonini au tairosini, ambazo ni asidi amino za protini nyingine. Fosfeti hiyo, ndani ya seli, huwa na takriban chaji hasi mbili. Basi. Ila chaji mbili hasi mahali ambapo hapakuwa na chaji zinatosha kuvuta mkono mzima wa protini uhame.

Kwenye CDK mkono huo unaonekana vizuri sana, kwa sababu watu waliupiga picha kwa eksirei hatua kwa hatua, wakitumia ndugu yake CDK2. Picha ya mwaka 1993 inaonyesha CDK2 ikiwa peke yake: kitanzi cha protini kimekaa mlangoni, kimeziba njia ambayo protini ya kubandikwa fosfeti ingepita, na hata asidi amino za kuishika ATP hazijakaa sawa. Picha ya 1995 inaonyesha saiklini A imeshaishika: kitanzi kimesogezwa pembeni, helisi moja imesukumwa ndani, ATP sasa imekaa inavyotakiwa. Picha ya 1996 inaongeza fosfeti juu ya threonini ya 160, iliyo juu ya kitanzi hichohicho. Arjinini tatu, zenye chaji chanya, zimeigeukia fosfeti hiyo kutoka sehemu tatu za protini na kuishikilia, na kitanzi kimetulia mahali pake. Sasa kazi inafanyika kwa nguvu kuliko saiklini ikiwa peke yake.

Kwa CDK1 threonini hiyo ni ya 161. Ndiyo P ya kijani kwenye daftari.

Nilipofika hapa nilitegemea kukuta kwamba anayebandika fosfeti hiyo ndiye mwenye uamuzi, kwamba yeye ndiye husubiri seli iwe tayari kisha hubandika. Jina lake linamfanya mtu adhani hivyo: kinasi ya kuwasha CDK, kifupi chake CAK. Kwa binadamu ni CDK7 ikiwa na saiklini H na protini ya tatu iitwayo MAT1. Nikasoma, nikarudia kusoma.

CAK haibadiliki. Nguvu yake ni ileile tangu mwanzo wa mzunguko wa seli mpaka mwisho. Isitoshe ina ajira ya pili: kundi hilohilo limo kwenye mtambo unaoanzisha unakili wa jeni, ambako hubandika fosfeti kwenye mkia wa polimerasi ya RNA. Ni mfanyakazi wa kila siku. CDK1 ikishakutana na saiklini, CAK hubandika fosfeti yake na kuendelea na shughuli nyingine, bila kuuliza kama DNA imekwisha kunakiliwa au kama seli imefikisha ukubwa.

Kwa hiyo fosfeti inayowasha ni ya lazima, ila haiamui chochote kuhusu lini.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo madarasa yetu hulipita haraka mno. Kuna mazoea ya kumfundisha mwanafunzi kwamba kubandika fosfeti ni kuwasha, na mwanafunzi anabaki akimtafuta mwashaji ili ajue nani mkubwa. Mkubwa hayuko hapo.

Chachu ya pombe

Aliyeonyesha njia ni chachu. Jina lake la kisayansi ni *Schizosaccharomyces pombe*, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa ilitoka wapi: Paul Lindner aliitenga kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki mwaka 1893. Ni seli ndefu mfano wa fimbo fupi, inarefuka kwenye ncha na kugawanyika katikati, hivyo urefu wake unakuambia iko hatua gani ya maisha. Kwa mtu anayetaka kujua seli inajuaje muda wa kugawanyika, hiyo ni zawadi.

Paul Nurse aliitumia Edinburgh miaka ya 1970. Wenzake wengi walitafuta seli zilizoshindwa kugawanyika, kama Leland Hartwell alivyofanya Marekani kwa chachu nyingine, ile ya mikate. Nurse alikutana na kinyume chake: seli zilizogawanyika zikiwa ndogo, takriban nusu ya ukubwa wa kawaida. Zilikuwa hai, zimewahi tu. Jeni iliyoharibika akaiita wee1.

Ukitafakari, seli iliyoshindwa kugawanyika inaweza kuwa imeharibika kwa sababu elfu moja, na nyingi hazina maana yoyote. Ila seli inayowahi kugawanyika inakwambia kulikuwa na kitu kinachoichelewesha, na kitu hicho kimeondoka. Wee1 ilikuwa ikichelewesha. Jeni nyingine, cdc25, ilifanya kazi ya kuharakisha. Bila yake seli inarefuka na kurefuka bila kugawanyika. Zote mbili zilimlenga mtu mmoja, cdc2, ambaye kwa binadamu leo tunamwita CDK1. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse waliingiza jeni za binadamu kwenye chachu ambayo cdc2 yake ni mbovu, na jeni moja ya binadamu ikaiponya. Chachu ya mtungini na mimi tunagawanya seli kwa kinasi ileile, kiasi kwamba spea zinaingiliana.

Mwaka 1989 Kathleen Gould na Nurse wakaigusa P nyekundu yenyewe. Walikuta cdc2 ina fosfeti juu ya tairosini ya 15. Tairosini hiyo iko kwenye dari ya kile chumba kidogo ambamo ATP hukaa. Fosfeti ikibandikwa pale, ATP inaingia lakini haikai vizuri kwa kazi. Wakaibadilisha tairosini hiyo kuwa fenilalanini, ambayo inafanana nayo sana ila haiwezi kubandikwa fosfeti. Seli zikakimbilia mitosisi kabla ya wakati. Baadaye ikajulikana kwamba Wee1 ndiyo hubandika fosfeti hiyo, na mwaka 1991 ikathibitika kwamba Cdc25 ni fosfatasi, yaani huibandua. Kwa wanyama kuna threonini ya 14 jirani yake, nayo hufungwa na ndugu wa Wee1 aitwaye Myt1. Ndizo P mbili nyekundu za binti.

Nurse, Hartwell na Tim Hunt, ambaye ndiye aliyezigundua saiklini kwenye mayai ya viumbe wa baharini wenye miiba, walipewa Nobel mwaka 2001.

Kamba

Kufikia hapa nilikuwa na nusu ya jibu. Uamuzi wa kugawanyika haufanywi kwa kubandika fosfeti ya kijani. Unafanywa kwa kuziondoa nyekundu.

Fikiria boti la dagaa jioni pale Igombe, usiku wa giza lisilo na mwezi. Nyavu zimepakiwa, taa zimefungwa, vijana wamekaa, injini inanguruma. Boti haliendi popote kwa sababu kamba bado iko kwenye mti wa ufukweni. Kupakia kumechukua mchana kutwa. Kuondoka kutachukua muda wa kufungua fundo moja. Kama kila kijana angeondoka na kipande chake cha boti mara tu anapokuwa tayari, ziwa lingejaa mbao.

Saiklini B inatengenezwa polepole, kwa saa nyingi. Kama CDK1 ingefanya kazi kadiri saiklini inavyoongezeka, basi nguvu ya kinasi nayo ingepanda polepole, na kila kazi ya mitosisi ingeanza kwa wakati wake: protini inayohitaji msukumo mdogo ingebandikwa fosfeti mapema, inayohitaji mkubwa ingechelewa. Kromosomu zingejikunja huku sehemu nyingine ya DNA bado inanakiliwa. Ndiyo ile seli ya nusu shingo upande ambayo sijawahi kuiona kwenye slaidi. Badala yake seli inajikusanyia akiba ya CDK1 yenye saiklini yake, yenye fosfeti ya kijani tayari, na nyekundu zimeifunga. P zote tatu kwa wakati mmoja. Akiba inaongezeka, kazi haianzi.

Halafu Cdc25 inaanza kubandua.

Hapa boti linaniangusha kidogo, kwa sababu seli ina ujanja ambao kamba haina. CDK1 chache zikishafunguliwa zinaigeukia Cdc25 na kuibandika fosfeti, na Cdc25 inapata nguvu zaidi. Zinaigeukia Wee1 nayo, na Wee1 inapoteza nguvu. Kwa hiyo kila CDK1 inayofunguliwa inarahisisha kufunguliwa kwa inayofuata, na inamdhoofisha anayefunga. Dakika chache na akiba yote imeachiwa.

John Tyson na Bela Novak walitabiri kwa milinganyo, mwaka 1993, kwamba mtambo wa namna hii lazima uwe na kumbukumbu: kiasi cha saiklini kinachohitajika kuingia kwenye mitosisi kitakuwa kikubwa kuliko kinachohitajika kubaki ndani. Ilichukua miaka kumi. Mwaka 2003 makundi mawili, kila moja kivyake, yalipima kwenye rojo la mayai ya chura na kukuta ndivyo ilivyo. Ukishaingia, kuyumba kidogo hakukurudishi nje.

Mimi si mtu wa milinganyo. Ila kitu kilichotabiriwa kwa kalamu kisha kikapimwa kwenye kijiko cha rojo la mayai, kinanipa heshima ya aina yake kwa watu wanaokaa ofisini na kuchora mishale.

Vyura wakanivuruga

Ningeishia hapo na kumpigia binti simu. Bahati mbaya niliendelea kusoma kuhusu vyura.

Chura wa maabara ni *Xenopus laevis*, wa kusini mwa Afrika, ila ana ndugu huku kwetu aliyepewa jina la ziwa, *Xenopus victorianus*. Yai lake likisharutubishwa, mgawanyiko wa kwanza huchukua kama saa moja na nusu. Baada ya hapo, kwa duru kumi na moja zinazofuata, seli zinagawanyika kila baada ya nusu saa hivi, zote pamoja, mpaka zinafika kama 4,000. Na katika duru hizo za haraka fosfeti ya tairosini ya 15 karibu haipo.

Nikaweka simu chini.

Kama kuifunga CDK1 ndiyo siri ya kugawanyika kwa ukamilifu, mbona chura anaanza maisha yake bila kuifunga, na anatoka chura kamili?

Swali hilo lilinisumbua kuliko la kwanza. Sehemu ya jibu nilikuta kwenye upande ambao sisi tunaopenda kinasi huusahau, upande wa wanaobandua. CDK1 ikibandika fosfeti kwenye mamia ya protini, kuna fosfatasi zinazopita nyuma yake kuzitoa, na mojawapo kubwa ni PP2A. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba CDK1 inaiamsha kinasi nyingine, Greatwall, ambayo kupitia protini ndogo inainyamazisha PP2A wakati wote wa mitosisi. Huo ni mlango wa pili wa ghafla, na haupiti kwenye tairosini ya 15. Ughafla una mizizi zaidi ya mmoja.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Kiinitete cha chura katika duru zile za haraka hakisubiri kitu. Hakikui, kimekwisha kuwekewa kila kitu na mama yake kwenye yai. Jeni zake karibu zote zimelala. Ukikiharibia DNA, kinaendelea kugawanyika tu. Kinakimbia kwa sababu ndani ya bwawa lenye samaki wenye njaa, anayechelewa kuwa kiluwiluwi analiwa. Duru zikifika kumi na mbili mwendo unapungua, jeni zinaamka, na seli zinaanza kukagua DNA kabla ya kugawanyika. Na fosfeti ya tairosini ya 15 inarudi.

Basi kuifunga kinasi iliyokwisha kuwashwa kunaipa seli kitu zaidi ya ughafla. Kunaipa nafasi ya kuulizwa. Seli isiyo na la kuulizwa inaweza kuishi bila nafasi hiyo. Seli ya ngozi yangu, ya utumbo, ya mlango wa kizazi, haiwezi.

Anayeulizwa na anayejibu

Mionzi ikipita kwenye seli na kukata DNA nyuzi zote mbili, kinasi zinazolinda DNA, ATM na ATR, zinaamka. Zinaziamsha kinasi nyingine mbili, Chk1 na Chk2. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba Chk1 hubandika fosfeti kwenye serini ya 216 ya Cdc25C, na protini nyingine inaidaka Cdc25C kwa fosfeti hiyo na kuiweka mbali na kazi. Cdc25 haibandui, tairosini ya 15 inabaki imefungwa, seli inasimama mlangoni mwa mitosisi na kupata muda wa kukarabati.

Angalia kilichotokea: fosfeti imezuia mtoa fosfeti asitoe fosfeti. Binti angehitaji kalamu ya rangi ya tatu.

Kuna kituo kingine cha kusimama, cha mapema zaidi, kabla DNA haijanakiliwa, na hicho kinategemea sana p53, protini inayoisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika. Hapo ndipo kazi yangu inapoingia, kwa sababu nyama nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mlango wa kizazi, na virusi vya HPV, ambavyo husababisha saratani ya hapo, vina ugomvi maalumu na kituo hicho. Protini yao ya E6 inaipeleka p53 kuvunjwa. Ile ya E7 inaikamata protini Rb, ambayo kwa kawaida ndiyo huzuia seli kuanza kunakili DNA mpaka ndugu wa CDK1, CDK4 na CDK6, ziibandike fosfeti na kuiondoa njiani. Seli, kwa kukosa Rb, inajaza p16, protini ya kuzizuia CDK4 na CDK6. Haisaidii chochote. Wanaozuiwa wamezuiwa kweli, ila kazi yao imekwisha kufanywa na kirusi. Tukipaka rangi ya p16, tabaka zima la seli linageuka kahawia, kiini na saitoplazimu, kutoka chini mpaka juu, na daktari anajua kirusi kipo kazini. Kwa sababu hiyohiyo dawa za kuzuia CDK4 na CDK6, kama palbociclib iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina fulani ya saratani ya matiti, zinahitaji seli yenye Rb. Pasipo na Rb, hazina cha kushika.

Kuhusu chanjo ya HPV sitaongeza mengi, watu wa Mwanza wanaijua. Ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, na utafiti wa DoRIS, uliofanyika hapa na wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ni miongoni mwa ushahidi ulioifanya dunia ianze kukubali dozi moja. Kama una binti wa umri huo na bado unasitasita, mpeleke.

Wakiiondoa nyekundu makusudi

Seli ya saratani iliyopoteza p53 imepoteza kituo cha kwanza. Inafika mlangoni mwa mitosisi na DNA iliyochakaa, na kilichobaki cha kuisimamisha ni tairosini ya 15. Inaitegemea kuliko seli ya kawaida inavyoitegemea. Watafiti waliliona hilo wakauliza swali la binti kwa kuligeuza: itakuwaje tukimnyima Wee1 uwezo wa kufunga?

Dawa ya kwanza kufika mbali kwa njia hiyo ni adavosertib. Maabara ilifanya ilivyotabiriwa. CDK1 zinafunguka kabla ya wakati, seli zinaingia mitosisi zikiwa na DNA iliyokatika au isiyokamilika kunakiliwa, na kromosomu zinavunjika vipande vipande. Picha za seli hizo nimeziangalia muda mrefu. Badala ya ule mstari mzito wenye vinyweleo, kuna vumbi jeusi limetawanyika ndani ya seli nzima. Hatimaye nikaiona ile mitosisi ya shingo upande, na imebidi ilazimishwe kwa dawa.

Kwa wagonjwa mambo yakawa magumu zaidi. Baadhi ya uvimbe ulisinyaa, ila dawa haikufika hatua ya kuwa tiba ya kawaida, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa madhara: kuharisha, kichefuchefu, na chembe za damu kushuka. Tumbo na uboho ndiko seli zinakogawanyika kila siku ya Mungu. Uboho wa wagonjwa hao haukuwa na saratani, na p53 yake ilikuwa nzima. Nao ulikuwa ukiihitaji ile fosfeti nyekundu.

Binti nimemwandikia haya yote kwenye WhatsApp, vipande vipande. Amejibu kwa swali lingine, kuhusu namna seli inavyojua imefikisha ukubwa.